Uzi: Alama ya rola kuwa katikati ya valvu haimaanishi roka zimekaa sawa

Nundu Ndefu:
Wakuu, heshima kwenu. Kuna mazoea nayaona sana kwa wanaojenga injini za pushirodi (zile ambazo fito ndefu, pushirodi, ndizo zinazopeleka mwendo wa kamshafti juu kwenye roka). Mtu anapaka wino juu ya ncha ya valvu, anazungusha injini, anaitazama alama iliyoachwa na rola (kigurudumu kilicho kwenye ncha ya roka). Ikitokea katikati anapiga picha, anaandika "jiometri imekubali" na kufunga kava. Uzi huu naufungua kupinga hilo. Alama hiyo inaonyesha rola inagusa wapi tu. Haisemi roka inasafiri ndani ya pembe zipi, na jiometri ni pembe.

Tuanzie chini kwa faida ya wageni. Roka ni wenzo. Pushirodi inausukuma upande mmoja kwenda juu, upande wa pili unaibana valvu kwenda chini, na katikati kuna egemeo. Chukua umbali wa kutoka egemeo hadi ekseli ya rola, gawanya kwa umbali wa kutoka egemeo hadi kikombe cha pushirodi, unapata uwiano. Chevrolet V8 ndogo iliyotoka 1955 ina 1.5, V8 ya Ford 302 ina 1.6, familia ya LS (V8 za General Motors) ina 1.7, na LS7 imepanda hadi 1.8. Kwa hiyo nundu ya kamshafti (shafti inayozunguka na kufungua valvu) ikinyanyua lifta (kipande kilicho kati ya nundu na pushirodi) milimita 8, roka ya 1.5 kwenye karatasi inafungua valvu milimita 12.

Sasa tazama mwendo. Valvu inashuka katika mstari ulionyooka kwa sababu imeshikwa na bushi yake. Rola haiwezi kunyooka hivyo, maana imefungwa kwenye mkono unaozunguka egemeo, kwa hiyo inachora tao. Mstari na tao haviwezi kwenda pamoja mwanzo hadi mwisho, ndiyo maana rola inalazimika kutembea juu ya ncha ya valvu. Kuiondoa safari hiyo haiwezekani. Kinachowezekana ni kuifanya fupi.

Inakuwa fupi kuliko zote pale ambapo, valvu ikiwa imefunguka NUSU ya mnyanyuo wake (umbali wote inaofunguka), mstari wa kutoka katikati ya egemeo hadi katikati ya ekseli ya rola unakutana na shina la valvu kwa pembe mraba. Valvu ikiwa imefungwa, ekseli ya rola iko juu ya mstari huo. Ikifunguka yote, iko chini yake kwa kiasi kilekile. Rola inatoka nje kidogo, inafika mwisho wa tao katikati ya safari, kisha inarudi njia ileile iliyojia. Alama inayobaki ni ufito mwembamba.

Kwa hiyo kwenye injini yenye roka za rola zilizofungwa kwenye stadi (bolti zinazosimama juu ya hedi, yaani kichwa cha injini), tafuta urefu wa pushirodi unaotoa alama NYEMBAMBA. Ufito ukiangukia katikati, vizuri. Ukikaa pembeni kidogo, hilo ni suala la urefu wa roka na mahali stadi ilipochimbiwa. Usiliponye kwa pushirodi.

Mwanagenzi:
Shikamooni wakuu. Mimi ndiyo kwanza najifunza, naomba kueleweshwa hapo mwisho. Kama pushirodi ndefu inaisogeza alama upande mmoja na fupi inaisogeza upande mwingine, kwa nini nisiitumie kuileta katikati?

Nundu Ndefu:
Marahaba. Pushirodi ikirefuka, unalazimika kuilegeza nati ya stadi, roka nzima inapanda. Egemeo likipanda, rola inaanza safari yake karibu na mwisho wa tao, upande wa nje, halafu valvu inapofunguka inavutwa kurudi ndani kuelekea kwenye stadi. Pushirodi ikiwa fupi mno, inaanzia ndani na kwenda nje. Kwa hiyo unaposema "nimeisogeza alama", ulichofanya ni kubadilisha pembe ya kuanzia, na alama imepanuka upande mmoja mpaka wastani wake ukaonekana uko katikati. Hujaisogeza, umeitanua.

Dizeli Kongwe:
Nimesoma. Nundu, nakubaliana nawe nusu.

Sisi tuliofundishwa zamani tuliambiwa alama ikae katikati, na kulikuwa na sababu. Ukiibonyeza valvu pembeni ya ncha yake, unaiinamisha. Springi ikiwa inasukuma kwa nyutoni 2000 na rola imekaa milimita 1.5 nje ya mstari wa katikati, unaipa valvu mkunjo wa nyutoni-mita 3 kila inapofunguka. Bushi inachongeka umbo la yai, juu upande huu na chini upande ule. Halafu sili haishiki tena, mafuta yanashuka, asubuhi injini inawaka na moshi wa bluu. Usiwaambie vijana kwamba katikati hakuna maana.

Nundu Ndefu:
Sikusema haina maana, mzee wangu. Nilichosema ni kwamba pushirodi si dawa yake. Ufito mwembamba ukiwa umekaa nje kwa milimita 1.5, dawa ni roka yenye mkono mfupi zaidi au kusahihisha mahali pa stadi. Ukiufukuzia kwa pushirodi unaishia na maradhi mawili.

Bi Hesabu:
Habari zenu. Ngoja niweke namba, maana hapa ndipo watu huzungumza kwa hisia.

Chukua mkono wa milimita 38 kutoka egemeo hadi ekseli ya rola, na mnyanyuo wa valvu wa milimita 12.

Pembe mraba ikiangukia nusu ya mnyanyuo, roka inazunguka nyuzi 9.1 juu ya mstari na 9.1 chini yake. Rola inatembea milimita 0.48 tu. Hiyo ndiyo alama nyembamba anayoisema Nundu.

Sasa pandisha egemeo milimita 3 na uizungushe roka kwa nyuzi zilezile 18.2. Safari ya rola inakuwa milimita 1.07, zaidi ya mara mbili. Mnyanyuo unabaki 11.96.

Pandisha egemeo milimita 6, yaani pembe mraba iangukie valvu ikiwa bado imefungwa. Safari inafika milimita 1.9, mara nne ya ile ya kwanza. Mnyanyuo unashuka hadi 11.85.

Someni namba hizo mara mbili. Safari ya rola imeongezeka mara nne, lakini mnyanyuo uliopotea ni milimita 0.15. Wanaotangaza kwamba kurekebisha jiometri "kunaachia farasi waliofichwa" hawajawahi kukaa na kalamu. Upande wa valvu, hasara ya mnyanyuo ni ndogo hata pale makosa yanapokuwa makubwa. Gharama iko kwenye msuguano, bushi na ncha ya valvu.

Na kuhusu pushirodi: kwenye roka ya stadi yenye uwiano wa 1.5, ili egemeo lipande milimita 3 huku rola ikiwa palepale juu ya valvu, kikombe cha pushirodi kinapanda milimita 5. Kwa hiyo kosa la milimita 5 kwenye pushirodi ndilo linaloleta ile hali ya pili. Kosa la milimita 2.5 linaleta safari ya 0.75. Anayeumiza kichwa kwa robo ya milimita alale, hakuna anachokiokoa upande wa rola. Robo hiyo ina maana kwenye lifta za haidroliki (zinazojaza nafasi zenyewe kwa mafuta), na huo ni mjadala mwingine.

Moto Juu:
Bi Hesabu umenivunja moyo 😄 Mimi nilikuja nikitafuta nguvu. Basi jiometri tuiache, nifunge roka za 1.6 mahali pa 1.5, si ndiyo njia rahisi ya kupata kamshafti kubwa bila kufungua injini?

Nundu Ndefu:
Ni njia, lakini urahisi wake unaishia pale unapofungua kava.

Faida ipo. Nundu ya milimita 8 iliyokuwa inatoa 12 sasa inatoa 12.8. Valvu inaondoka kwenye siti (mahali inapokalia ikifunga) kwa kasi zaidi na inakaa imefunguka sana kwa muda mrefu zaidi, hata kama nyuzi za kufunguka na kufunga pale kwenye siti hazijabadilika sana. Swali la kwanza ni kama hedi yako ina haja na hiyo 0.8. Kuna hedi ambazo mtiririko wa hewa umeshagota kabla ya milimita 12, kwa sababu koo la njia ya hewa ndilo linalobana. Huko umeongeza kazi ya springi na hukupata kitu.

Uwiano huongezwa kwa kukisogeza kikombe cha pushirodi karibu na egemeo. Kwa hiyo pushirodi inasimama mahali pengine kabisa, na tundu inamopita kwenye hedi halijui hilo. Zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili ukitazama kila tundu kwa tochi. Pushirodi inayosugua ukuta wa hedi inaliwa ubavuni, na chuma kinachotoka kinaingia kwenye mafuta ya injini.

Springi nayo. Valvu ikiwa imefunguka yote, koili zibaki na angalau milimita 1.5 kabla hazijabanana. Pima vilevile kati ya kofia ya springi na sili ya valvu, hapo ndipo watu wengi hugongesha kwa sababu hawapaangalii. Kati ya valvu na pistoni, wajenzi wengi huacha angalau milimita 2 upande wa kuingiza hewa na 2.5 upande wa kutolea moshi, na usipime valvu ikiwa imefunguka yote ukaridhika. Pistoni iko mbali wakati huo. Hatari iko karibu na kilele cha pistoni, moshi ukiwa unamalizia kufunga na hewa ikiwa inaanza kufunguka, takriban nyuzi 10 kabla na nyuzi 10 baada ya kilele.

Halafu mzigo. Springi ya nyutoni 1500 inaonekana kwenye pushirodi kama 2250 ukiwa na 1.5, na kama 2400 ukiwa na 1.6. Mzigo huohuo unashuka kwenye lifta na kwenye nundu. Kwenye lifta bapa (isiyo na rola chini), hasa kamshafti mpya, ongezeko hilo si la kudharau.

Na tapeti, ile nafasi ndogo inayoachwa kati ya roka na valvu. Nafasi ya milimita 0.25 inayopimwa kwenye valvu ni 0.167 kwenye nundu kwa roka ya 1.5, lakini ni 0.156 kwa ya 1.6. Ni tofauti ndogo, ila inaeleza kwa nini injini hubadilisha mlio kidogo hata ukifunga tapeti kwa fila geji (bamba jembamba la kupimia nafasi) ileile.

Roka mpya pia huja na urefu wake wa mkono na kimo chake cha kikombe. Jiometri uliyokuwa nayo imekwenda na roka za zamani. Unapima upya.

Dizeli Kongwe:
Mnaongea rola, rola. Injini ninazofungua mimi hazina rola. Roka ni chuma cha kufua, ncha yake imechongwa mviringo na inasugua moja kwa moja. Nikifuata ufito mwembamba wa Nundu nitafika wapi?

Bi Hesabu:
Utafika pabaya, mzee. Nashukuru umeuliza, maana hapa kanuni inabadilika na wengi hawajui.

Kwenye rola, tunahesabu kutoka kwenye ekseli yake, kwa sababu ekseli ndiyo iliyofungwa kwenye mkono wa roka na rola inajizungukia. Kwenye ncha ya mviringo isiyo na rola, uso unaosugua ni sehemu ya roka yenyewe. Mahali panapogusana, roka inatelezea juu ya valvu kwa kasi inayotegemea jinsi mahali hapo palivyo juu au chini ya mstari unaopita kwenye egemeo kwa pembe mraba na shina. Mguso ukiwa sawasawa na mstari huo, kuteleza ni sifuri. Ncha inabiringika tu.

Kwa hiyo kwa roka zako, kitu cha kuweka kwenye pembe mraba nusu ya mnyanyuo ni MAHALI PANAPOGUSANA, si kitovu cha ule mviringo. Ukiweka hivyo, alama itakuwa pana. Ncha yenye nusu kipenyo cha milimita 12 ikizunguka nyuzi 18.2 inabiringika milimita 3.8 juu ya valvu. Fundi wa rola akiiona alama hiyo atashtuka, lakini karibu yote ni kubiringika, kuteleza ni kidogo sana. Ukiifanya nyembamba, ncha haibiringiki tena, inasugua palepale huku inageuka, na filamu ya mafuta inaliwa.

Kwa ncha za namna hii, hakikisha alama haifiki ukingoni mwa valvu upande wowote. Hapo nakupa haki yako: katikati ni shabaha nzuri kwako kuliko kwa mwenye rola.

Dizeli Kongwe:
Sasa tumeelewana. Na ndiyo maana vile vishimo kwenye ncha za roka za zamani tunavisaga kwa jiwe hadi uso urudi na mviringo wake, hatuvisawazishi bapa. Nimekutana na roka zilizosagwa bapa kama patasi, zinagusa kwa ukingo tu.

Mwanagenzi:
Swali jingine wakuu. Hedi ikipelekwa kuskimiwa (kusagwa uso wake wa chini) halafu ikarudi, jiometri inabadilika? Nimeambiwa ndiyo, mwingine akaniambia hapana.

Dizeli Kongwe:
Wote wawili wamesema kweli, inategemea roka zako zimefungwa wapi. Hili niachieni.

Kama roka ziko juu ya shafti, na shafti imekaa juu ya hedi, basi egemeo na valvu vyote viko kwenye hedi. Ukiskimu nusu milimita, vinashuka pamoja, uhusiano wao haujaguswa. Kilichobadilika ni pushirodi, ambayo sasa ni kama imeongezeka nusu milimita. Ukiwa na skrubu za tapeti, unazirudisha na kazi imekwisha. Ukiwa na lifta za haidroliki na roka zisizo na skrubu, ile nusu yote inaingia ndani ya lifta. Lifta nyingi zinataka kubonyezwa kati ya nusu milimita na milimita moja na nusu. Ilikuwa inabonyea 1.2, umeongeza 0.5, umevuka. Valvu inaweza isikae kwenye siti vizuri, kompresheni inapungua, na mtu anafungua hedi tena kutafuta gasketi iliyoungua wakati gasketi ni nzima.

Kwenye roka za stadi, skimu ya nusu milimita inalipandisha egemeo kama milimita 0.3 unapofunga tapeti upya. Kwa hesabu za Bi Hesabu hilo halitaiua injini.

Kinachobadilisha jiometri kila aina ya injini, bila mtu kukitaja, ni kazi ya siti. Siti ikichongwa na valvu ikasagwa, valvu inazama ndani ya hedi na ncha yake inachomoza juu zaidi kwa kiasi hichohicho. Injini iliyopitia mikono mingi utakuta valvu moja imechomoza milimita moja kuliko jirani yake. Roka moja inakaa hivi, nyingine vile, kwenye shafti moja! Kabla ya kufunga springi, weka rula ya chuma juu ya ncha zote za valvu. Iliyochomoza unaisaga ncha yake kwa mashine, kidogo, kwa sababu ugumu wa ile ncha haufiki mbali. Ukiona inahitaji kusagwa sana, hiyo siti imekwisha, weka mpya.

Na kamshafti iliyosagwa upya. Ili nundu irudishwe umbo, msagaji anapunguza duara la chini (sehemu ya nundu isiyonyanyua lifta). Lifta inakaa chini zaidi kuliko ilivyokuwa. Duara likipungua milimita 0.8 kwenye nusu kipenyo, pushirodi yako imefupika 0.8 bila kuikata. Gasketi nene ya hedi nayo inafanya hivyohivyo. Ukijumlisha gasketi nene na kamshafti ya kusaga, ndipo unaposikia lifta zinagonga hata baada ya kubadilisha mafuta.

Mnyororo wa Kamu:
Nasi wenye kamshafti juu ya hedi tunaingia wapi? Sina pushirodi hata moja.

Bi Hesabu:
Roka unazo, mkuu, mara nyingi ni za kidole: mwisho mmoja umekalia lifta ya haidroliki, mwisho mwingine umekalia valvu, na kamshafti inabonyeza katikati. Tao ni lilelile, lakini hapo huna cha kurekebisha, kiwanda kimeshachora. Kinachoweza kuharibu ni kile alichosema Dizeli Kongwe kuhusu siti. Ncha ya valvu ikichomoza, kidole kinainama, lifta inazama zaidi, na nundu inaanza kugusa sehemu nyingine ya kidole. Ndiyo sababu vitabu vya injini hizo hutaja kimo cha ncha ya valvu baada ya kazi ya siti. Kifuate.

Mwanagenzi:
Nundu, tafadhali tuandikie jinsi ya kupima. Nina hedi ya roka za stadi mezani, rola, lifta za haidroliki.

Nundu Ndefu:
Sawa. Toa springi za kazi kwenye valvu mbili za silinda moja, weka springi laini za kupimia. Springi nzito itaibonyeza lifta ya haidroliki na vipimo vyako vyote vitakuwa vya uongo. Bora zaidi, weka lifta ngumu ya kimo kilekile wakati wa kupima tu. Hedi ifungwe na gasketi utakayotumia au iliyokwisha kubanwa ya unene uleule, na nati zikazwe.

Unahitaji pushirodi ya kurefusha, ile yenye nyuzi za skrubu katikati. Unahitaji pia dayo geji (geji yenye uso kama wa saa, ya kupimia mwendo).

Lifta ikiwa kwenye duara la chini la kamshafti, anza na urefu unaofanya roka ionekane imeinua pua kidogo. Ondoa nafasi yote, pasiwe na mchezo wala mbano. Paka wino kwenye ncha ya valvu, zungusha injini mizunguko miwili, fungua, pima upana wa alama. Badilisha urefu milimita 1 hadi 1.5, futa, paka tena, rudia. Utaona upana unapungua, unafika chini, halafu unaanza kupanuka tena. Pale chini ndipo penyewe. Usishangae ukikuta eneo lote la milimita mbili tatu za pushirodi linatoa alama zinazofanana, tao kule mwisho wake limelala. Chukua katikati ya eneo hilo.

Baadaye simamisha dayo geji juu ya kofia ya springi, sambamba kabisa na shina. Ikiinama inakudanganya. Soma mnyanyuo kamili. Kisha sogeza injini hadi geji isome nusu yake, na utazame roka kwa ubavu: mstari wa egemeo na ekseli ya rola ukutane na shina kwa pembe mraba. Kipande cha plastiki kilichokatwa pembe mraba kinatosha kwa jicho.

Ukipata urefu, toa pushirodi ya kupimia bila kuigeuza, pima, halafu ongeza kile lifta ya haidroliki inachotaka kubonyezwa. Wengi husahau hapo. Angalia pia unapima kutoka wapi, maana baadhi ya wauzaji huhesabu urefu hadi mwisho kabisa wa pushirodi na wengine huacha sehemu ya tundu la mafuta nje ya hesabu.

Mnyanyuo ukisoma pungufu kuliko karatasi inavyosema, usikimbilie kulaumu jiometri ya upande wa valvu, Bi Hesabu ameshaonyesha hasara yake ni ndogo. Tazama upande wa kikombe. Pale nako kuna tao, na roka nyingi zimechorwa kikombe kikiwa chini sana ya egemeo, hivyo uwiano wa kweli unaanza chini au juu ya ulioandikwa na kubadilika njiani. Hilo huwezi kulirekebisha kwa pushirodi. Unabadilisha roka.

Moto Juu:
Na roka za alumini je? Kila tangazo linasema ni nyepesi.

Nundu Ndefu:
Uzito unaouma ni ule ulio mbali na egemeo, pale kwenye rola, kwa sababu ndio unaosafiri sana. Mwili mnene wa alumini kuzunguka egemeo hauna faida kubwa wala hasara kubwa. Roka ya chuma yenye pua nyembamba inaweza kuizidi kwa wepesi wa mwendo, na haipindi upesi. Roka inayopinda kwenye mzunguko wa 7000 kwa dakika inaifanya valvu ifuate njia yake yenyewe badala ya ile iliyochorwa kwenye nundu. Pima pua, usipime roka nzima kwenye mizani.

Mwanagenzi:
Nimepima. Upande wa kuingiza hewa umenipa urefu mmoja, upande wa moshi umeniomba milimita 1.3 zaidi. Ninunue za aina moja nigawanye tofauti?

Dizeli Kongwe:
Weka rula juu ya ncha za valvu kwanza. Kama za moshi zimechomoza zote kwa pamoja, siti zake zimechongwa sana, na hapo ndipo pa kuanzia.

Nundu Ndefu:
Na ukikuta ncha ziko sawa, nunua seti mbili za urefu tofauti. Hakuna kanuni inayosema pushirodi za moshi na za hewa zilingane, na hedi kadhaa zinatoka kiwandani zikiwa na pushirodi za urefu wa aina mbili. Zifunge alama kwa kamba ya rangi kabla hazijachanganyikana mezani.